Kodi ya Nyumba Masasi na Newala: Nani Apange, Nani Atumie?

Kila mwaka, kabla ya makisio ya Serikali kufikishwa Bungeni, mabaraza ya madiwani ya Tanzania Bara huketi, hutazama mapato, hutazama matumizi, kisha hupitisha bajeti zao na kuzipeleka mbele. Katika wilaya za Masasi na Newala, mkoani Mtwara, kazi hiyo hufanywa na halmashauri nne: mbili za wilaya na mbili za miji. Anayesoma makisio hayo kwa makini atagundua jambo ambalo mwenye nyumba asingelikubali nyumbani kwake. Madiwani hupanga matumizi ya fedha ambazo, kwa sehemu kubwa, wao wenyewe hawakuzipangia kiwango, na nyingine hawana hata mkono katika kuzikusanya. Kodi ya majengo hupangwa Dodoma na hukatwa katika mita ya umeme. Ushuru wa korosho, ambao ndio tegemeo kubwa la halmashauri za huko, kiwango chake huwekwa kwa sheria ya Bunge, na bei inayopigiwa hesabu hutoka mnadani. Diwani wa kata hubaki na kalamu ya kugawa, lakini hana ufunguo wa ghala.

Ni kweli kwamba serikali za mitaa si jambo la Muungano, na Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2014 juu ya mamlaka hizo. Hata hivyo, ndugu zetu wa Unguja na Pemba wasiione habari hii kuwa ni ya mbali. Watu wanaoishi kwa karafuu wanajua maana ya nchi kutegemea zao moja, ambalo bei yake ikipanda kila mtu ni tajiri na ikishuka hata zahanati hukosa dawa. Aidha, ugomvi juu ya nani amtoze mwenye kibanda, na kwa haki gani, si mgeni visiwani. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja waliyotozwa na wenye ardhi, na serikali ya kikoloni ikalazimika kuingilia kati. Waliogoma hawakuwa wavivu wala wakaidi. Walikuwa watu waliojenga nyumba kwa mikono yao, ambao waliulizwa fedha kila siku zaidi bila ya kuambiwa wanapata nini kwa malipo hayo. Swali lao ndilo swali la mwenye nyumba wa Newala leo.

Katika nchi hii kodi ya nyumba ilianza kwa ubaya, na ni vizuri kulikumbuka jambo hilo kabla ya kuwalaumu wananchi kwamba hawapendi kulipa. Wajerumani waliileta mwaka 1898. Haikukusudiwa kumjengea mtu chochote. Ilikusudiwa kumtoa mtu shambani mwake akatafute rupia kwa kumfanyia kazi mgeni. Ilikuwa miongoni mwa dhuluma zilizowasha Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, vita ambavyo vilifika mpaka Masasi, na misheni ya hapo ikateketezwa. Waingereza walipoichukua nchi hawakuiondoa. Mwaka 1922 waliitungia sheria mpya, kodi ya nyumba pamoja na ya kichwa, na kuanzia mwaka 1926 walipounda tawala za wenyeji wakaweka utaratibu ambao wasomaji wetu maofisa wautafakari vizuri: kodi hukusanywa kijijini, huenda serikali kuu, kisha fungu lake hurudishwa kwenye hazina ya wenyeji ili litumike huko huko. Fungu hilo kiasi gani, aliamua Gavana. Jumbe alibaki na lawama za kukusanya.

Katika uwanda wa juu wa Makonde utaratibu huo ulikuwa mgumu zaidi, kwa kuwa Wamakonde hawakuwa watu wa mfalme mmoja. Kila ukoo ulikuwa na mkubwa wake na eneo lake. Mkoloni alilazimika kuwaweka maliwali na maakida ambao mamlaka yao hayakutoka kwa watu. Mtaalamu wa Marekani, J. Gus Liebenow, aliutumia utawala huo wa Umakonde kuwa mfano wa kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1971. Sisi hatuhitaji kwenda mbali hivyo ili kufahamu. Mtoza kodi asiyetokana na wanaotozwa huogopwa, na anayeogopwa haulizwi hesabu.

Baada ya Uhuru zilikuja halmashauri za kuchaguliwa, na hizo nazo zikapata misukosuko. Kodi za mitaa zilifutwa mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1972, kwa siasa ya Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilivunjwa. Nia ilikuwa njema: kuyapeleka maamuzi karibu na wananchi. Lakini kilichopelekwa mikoani ni maofisa, si maamuzi. Miji ilichakaa, taka zikajaa, kipindupindu kikaingia, na mwaka 1978 halmashauri za miji zikaanza kurudishwa. Sheria za mwaka 1982 zilirudisha halmashauri zote, na mwaka 1984 zikaanza kazi. Mwaka huo huo wa 1984 Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri hadharani kwamba kuvunja serikali za mitaa na vyama vya ushirika ni miongoni mwa mambo ambayo, kama angeanza upya, asingeyafanya. Wapo viongozi wachache duniani waliopata kusema hivyo wakiwa bado madarakani. Sisi makada tunaolitaja jina lake kila siku yafaa tulitaje na neno hilo.

Sheria ya mwaka 1983 juu ya kodi ya majengo katika miji iliweka njia ya kistaarabu kabisa. Mthamini hupita nyumba hadi nyumba na kuandika thamani yake katika daftari la uthamini. Daftari huwekwa wazi, na mwenye nyumba asiyeridhika hupinga mbele ya baraza lililowekwa kwa kazi hiyo. Kisha halmashauri, katika kikao chake, hukata kiwango cha kodi kwa asilimia ya thamani. Hapo kuna mambo matatu ambayo hayatengani: mwenye nyumba anajua ametozwa kwa sababu gani, anajua nani amemtoza, na anajua ampigie nani kura kama hakuridhika. Ila kazi ya uthamini ni ghali. Miji mingi haikuimaliza, na midogo haikuianza. Masasi na Newala, ambazo zimepata hadhi ya halmashauri za miji katika karne hii tu, hazikupata nafasi ya kuitumia njia hiyo kwa muda wa kutosha hata ikazoeleka.

Hapo katikati palikuwa na kodi ya maendeleo, ambayo wazee wengi bado waiita kodi ya kichwa. Hiyo ndiyo iliyowafanya mgambo wawakimbize watu gulioni na barabarani kudai stakabadhi. Ilifutwa mwaka 2003, katika utawala wa Rais Benjamin Mkapa, ambaye kwao ni Lupaso, wilayani Masasi, na ambaye alizikwa huko huko mwaka 2020. Wananchi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini halmashauri zilipoteza chanzo cha mapato kwa usiku mmoja, na zikaahidiwa ruzuku ya kufidia kutoka Hazina. Tangu hapo mkurugenzi wa halmashauri akaanza kutazama zaidi Hazina kuliko kutazama kata zake.

Julai 2016 kodi ya majengo ikaanza kuhamishiwa Mamlaka ya Mapato, TRA. Kwa kuwa uthamini haukuwapo mahali pengi, kikawekwa kiwango kimoja. Sheria ya fedha ya mwaka 2019 ilisema shilingi 10,000 kwa nyumba ya kawaida, na kwa ghorofa shilingi 50,000 kwa kila sakafu katika miji, lakini shilingi 20,000 kwa jengo la ghorofa lililo katika halmashauri ya wilaya. Mwaka 2021 ikaja njia ya LUKU: shilingi 1,000 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida, 5,000 kwa ghorofa, zikikatwa mtu anaponunua umeme. Bajeti ya mwaka 2023/24 ikapandisha 1,000 kuwa 1,500, yaani shilingi 18,000 kwa mwaka, na ghorofa ikawa 90,000 kwa mwaka. Kati ya fedha hizo fungu dogo ndilo linalorejeshwa kwa halmashauri.

Msomaji amekwisha kuona. Ni utaratibu ule ule wa mwaka 1926, isipokuwa jumbe amekuwa mita.

Hatusemi hivi kwa kubeza. Waliobuni njia ya LUKU walikuwa na sababu, na haki ni kuzitaja. Mita haipokei rushwa. Mita haina mkoba wa kufichia fedha. Haihitaji mgambo, wala haimwamshi mwananchi alfajiri. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, mwaka baada ya mwaka, zimetaja fedha zilizokusanywa na mawakala wa halmashauri kwa mashine za POS ambazo hazikufika benki. Halmashauri iliyoshindwa kuzichunga shilingi za gulio haina uso wa kulia kwamba imenyang'anywa shilingi za majengo. Haya ni kweli, na diwani anayeitetea halmashauri yake bila ya kuyakubali haya hatasikilizwa na mtu yeyote Dodoma.

Lakini mita ina upofu wake. Kwanza haioni nyumba, inaona umeme. Mwenye nyumba kubwa anayetumia nguvu ya jua haimfikii, na mjane aliyevutiwa umeme wa vijijini akaweka taa mbili imempata. Pili, haimjui mwenye nyumba. Mpangaji ndiye anayenunua umeme, na mpangaji ndiye anayekatwa. Akipatana na mwenye nyumba wake amrudishie, heri. Asipopatana, amelipa kodi ya mali isiyo yake. Sheria imemsamehe mzee wa miaka 60 na kuendelea kwa nyumba anayoishi mwenyewe, lakini msamaha huo haumfuati mzee nyumbani. Ni yeye anayetakiwa kuufuata ofisini. Mzee wa kijiji cha pembezoni mwa Newala atapanda gari kwa nauli gani kwenda kudai asikatwe shilingi 1,500?

Tatu, na hili ndilo kubwa, mita haipimi thamani. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kuna nyumba ya vyumba viwili, ya tofali za kuchoma na bati, yenye thamani ya shilingi milioni 6. Na tuseme kuna jengo refu la maduka karibu na stendi ya Masasi, lisilo la ghorofa, milango yake yote imepangishwa, thamani yake shilingi milioni 150. Yote mawili, kwa kiwango cha mwaka 2023, yalipe shilingi 18,000. Mwenye vyumba viwili amelipa sehemu 3 katika kila 1,000 za thamani ya nyumba yake. Mwenye maduka hakufikisha hata sehemu moja katika kila 8,000. Maskini, kwa kipimo cha mali, ametozwa mara 25 zaidi ya tajiri. Chama kilichozaliwa kwa kupinga unyonyaji hakiwezi kuitazama hesabu hii kikanyamaza, ingawa twakubali kwamba hakuna aliyeketi akapanga imuumize maskini. Ilitokea kwa sababu usawa wa kiwango ulidhaniwa kuwa ni haki.

Tena thamani ya jengo haitoki kwa mwenye jengo peke yake. Barabara ya kutoka Mtwara kupitia Newala hadi Masasi, yenye kilomita 210, inapotiwa lami kipande baada ya kipande, viwanja vya kandokando yake hupanda bei. Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010 juu ya Mto Ruvuma, kule Mtambaswala, liliifanya Masasi kuwa njia ya kwendea Msumbiji. Mwenye kiwanja hakuchimba hata shimo moja la barabara hizo. Fedha za umma zimemtajirisha. Kodi ya thamani ingerudisha sehemu ndogo ya utajiri huo kwa umma, ili barabara ya mtaa wa nyuma nayo ipate mfereji. Kodi ya kiwango kimoja inamwachia yote.

Sasa tuje kwenye korosho, maana mtu atasema kwamba kodi ya majengo ni senti tu kwa halmashauri kama ya Newala. Ni kweli, na hapo ndipo penye hatari. Mpaka mwaka 2017 ushuru wa zao ulikuwa asilimia 5 ya bei. Sheria ya fedha ya mwaka huo ikaushusha kuwa asilimia 3 kwa mazao ya biashara. Kwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo, asilimia 5 ni shilingi 165. Asilimia 3 ni shilingi 99. Kwa lori la tani 30 halmashauri ilikuwa ipate shilingi 4,950,000, sasa yapata 2,970,000. Ilisemwa kwamba hiyo ni nafuu kwa mkulima. Lakini kwa sheria anayelipa ushuru huo ni mnunuzi. Kama zile shilingi 66 zilizopunguzwa ziliingia katika bei ya mkulima au zilibaki katika mfuko wa mnunuzi, karatasi ya mnada haionyeshi. Wenye kudai kwamba zilimfikia mkulima walete hesabu.

Yalipotimia mwaka 2018 likaja jambo kubwa zaidi. Mwezi wa Juni Bunge liliamua kwamba fedha za ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje, ambazo asilimia 65 yake ilikuwa ikienda kuliendeleza zao, ziingie zote katika Mfuko Mkuu wa Hazina. Oktoba wakulima wa Newala na Tandahimba walizikataa bei za mnada. Novemba Rais Magufuli akaamuru Serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300, na Jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Wananchi waliipokea amri hiyo kwa furaha, kwa kuwa bei ilikuwa nzuri kuliko ya wafanyabiashara. Baadaye malipo yakachelewa, uhakiki ukachukua miezi, na maduka ya Masasi na Newala yakapoa. Halmashauri nazo, zilizokuwa zimeandika ushuru wa korosho katika makisio yao, zikajikuta mnunuzi wao ni Serikali, na ushuru haukuingia kama zilivyotarajia. Wabunge wa Kusini walilipeleka jambo hilo Bungeni mwaka 2019.

Funzo la mwaka ule kwa mtu wa fedha ni dogo na kavu. Halmashauri yenye chanzo kimoja haina bajeti, ina matumaini. Kodi ya majengo ni ndogo, lakini nyumba haidondoki kwa ubwiriunga, wala haikosi kuzaa kwa mvua ya nje ya majira, wala bei yake haiamuliwi Tuticorin wala Ho Chi Minh. Iko pale mwaka mzuri na mwaka mbaya. Laiti halmashauri za Masasi na Newala zingekuwa na kodi ya majengo iliyopangwa kwa haki na kukaa mikononi mwao, mwaka 2018/19 usingezikuta mikono mitupu kabisa. Tena miaka ya bei nzuri iliyotangulia ndiyo iliyojenga zile nyumba za tofali na bati tunazoziona leo kila kijiji cha uwandani. Fedha za korosho ziligeuka kuwa nyumba. Kama nyumba hizo zingetozwa kwa kadiri yake, neema ya mwaka mmoja ingeisaidia shida ya mwaka mwingine.

Kuhusu matumizi, msomaji asidhani kwamba fedha zikishaingia halmashauri basi madiwani wako huru. Mapato ya ndani yana wenyewe kabla hayajafika. Sheria ya mwaka 2018 imetenga asilimia 10 kwa mikopo ya vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mpango huo ulisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya mikopo isiyorudi na vikundi hewa, ukarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mwingine. Kuna maelekezo ya sehemu inayopaswa kwenda katika miradi ya maendeleo. Kuna vikao na posho zake, mafuta ya magari, samani za ofisi, na wageni wa kitaifa ambao lazima walale na wale. Kinachobaki mikononi mwa Kamati ya Fedha, baada ya hayo yote, mara nyingi ni kidogo kuliko muda unaotumika kukijadili.

Aliyepita chuoni kabla ya kupita shule anajua kwamba zaka, ambayo ni wajibu wa Mwenyezi Mungu na si wa halmashauri, haikuachwa hivi hivi. Kila mali ina kiwango chake: mazao yake, mifugo yake, fedha yake. Asiye na kiwango hatozwi. Na wanaostahili kupewa wametajwa mafungu manane, asije mtu akajiongeza. Mkusanyaji mwenyewe ni fungu mojawapo, hakusahauliwa. Lakini ni moja katika manane. Tunalitaja hili si kwa kuchanganya dini na hesabu za Serikali, ambayo ni ya watu wa dini zote. Tunalitaja kwa sababu watu wa pwani na visiwani, na wengi wa Newala pia, wamelelewa wakijua kwamba fedha ya wote hupimwa pande mbili, wakati wa kutoa na wakati wa kugawa. Wakiiona kodi isiyopimwa upande wowote huiona kuwa ni jambo la ajabu, na si haki kuwaambia kwamba hawana elimu ya kodi.

Kama kuna kitu ambacho kingeweza kumfanya mtu wa Newala alipe kodi ya nyumba bila ya kusukumwa, ni maji. Uwanda ule una udongo wa kupitisha maji na hauna mito. Mji wa Newala umekaa ukingoni kabisa, karibu na lile poromoko liitwalo Shimo la Mungu, mtu akitazama chini aona bonde la Ruvuma. Maji ayaona kwa macho, lakini kuyafikia ni kushuka na kupanda mlima. Kwa vizazi akina mama waliyafuata mabondeni kwa kichwa, na wenye uwezo wakachimba matangi ya kukinga mvua ya paa. Katika miaka ya 1950 liliundwa shirika la maji la Makonde kuyapandisha kwa pampu. Kuanzia mwaka 1972 Ufini ilisaidia maji vijijini katika Mtwara na Lindi kwa miaka mingi. Chanzo cha Mitema, katika bonde la Kitangari, kimetegemewa mpaka katika zama zetu. Kila ndoo inayofika juu imelipiwa nguvu ya kuisukuma. Mradi ukifadhiliwa na wageni hujengwa. Gharama za kuusukuma kila siku hazifadhiliwi na mgeni yeyote, na pampu ikiharibika hakuna wa kumwandikia barua Ulaya.

Hapa ndipo tunapoona kwamba mjadala wa kodi ya majengo umewekwa mahali pabaya. Unajadiliwa kama jambo la ukusanyaji, yaani TRA au halmashauri, mita au stakabadhi. Mwananchi hajali sana nani anashika mashine. Anajali kwamba shilingi 1,500 zinazokatwa Kitangari zionekane Kitangari. Mita ya TANESCO inajua iko wapi. Haishindikani, basi, kila mwezi kuandikwa karatasi moja ya kila halmashauri, ikisema mita za kata fulani zimekatwa kiasi hiki, na kiasi hiki kimerudi. Karatasi hiyo ibandikwe ofisi ya kata, pale pale wanapobandika majina ya wapiga kura. Serikali iliyoweza kumkata mtu kodi katika umeme wa shilingi 2,000 haiwezi kusema kwamba imeshindwa kumhesabia.

La pili laweza kufanywa bila ya kumrudisha mthamini nyumba hadi nyumba, kazi ambayo tunakubali kwamba fedha yake haipo. Baraza la Madiwani lipewe uwezo wa kuugawa mji katika maeneo matatu au manne kwa thamani: barabara kuu na stendi, mitaa ya kati, pembezoni, vijijini. Bunge liweke kiwango cha chini na cha juu, na Baraza lichague kati yake, kwa kikao cha wazi. Mita zifuate. Jengo la maduka la Masasi litalipa zaidi ya vyumba viwili vya Mkwera au Chikundi, na aliyeamua hivyo atakuwa ni diwani mwenye jina, ambaye wenye maduka na wenye vyumba viwili wote wanamjua anapokaa.

Wapo watakaosema madiwani wataogopa matajiri wa mjini na kuwapendelea. Huenda. Lakini hofu hiyo, ikikubaliwa, haiishii kwa madiwani. Inafika mpaka Bungeni, na hakuna aliyependekeza Bunge lisipange kodi. Ibara ya 146 ya Katiba inasema kuwapo kwa serikali za mitaa ni kwa ajili ya kuwapa wananchi madaraka. Halikuandikwa kwamba watapewa madaraka ya kupokea tu.

Kuhusu ushuru wa korosho, halmashauri zenyewe zinayo kazi isiyosubiri sheria mpya. Katika mwaka ambao bei ya mnada imepita ile waliyoikisia, ziada isiingizwe katika bajeti ya nyongeza ya magari na samani. Iwekwe akiba, kwa azimio la Baraza, isiguswe mpaka mwaka ambao mapato yameshuka chini ya makisio. Mkulima wa korosho hufanya hivyo kwa mahindi na mtama wake, na hakuna aliyemfundisha semina.

Madiwani waliochaguliwa Oktoba 2025 wana miaka yao mitano. Kamati zao za fedha hukutana kila mwezi, na mjumbe yeyote ana haki ya kuuliza swali likaandikwa katika kumbukumbu. Tungependa kuona katika kumbukumbu za Masasi na za Newala swali hili likiulizwa kwa mkurugenzi, na na mkurugenzi kwa TRA: mwezi uliopita, mita zilizo ndani ya mipaka yetu zilikatwa shilingi ngapi za majengo, na zipi zimerudi?